Nyumba Tuliyoipima kwa Simu

Kama umewahi kuwauliza watu swali wakakunyamazia wote, kisha ukalazimika kujijibu mwenyewe kwa sauti ya uchangamfu, basi unajua muhula wangu wa kwanza wa kufundisha kwa video ulivyokuwa. Nafundisha uchoraji wa majengo katika chuo kimoja cha ufundi kisiwani Mombasa, si mbali na nyumba za Buxton. Idara yetu ilifungua darasa la mtandaoni la alasiri kwa ajili ya wanafunzi walio na kazi na wale wasioweza kutoka majumbani. Mimi nilikuwa nimesema kwenye mkutano kwamba jambo hilo linawezekana kabisa, kwa hiyo nikakabidhiwa. Ukiwa na mdomo kama wangu, hivyo ndivyo kazi zinavyokupata.

Nilikuwa nakaa mezani kwetu Mji wa Kale, nimevaa vizuri, nimejitia wanja, naangalia miraba myeusi yenye majina. Mnanisikia? Kimya. Kuna swali? Kimya. Mara mojamoja mtu aliandika pembeni "ndio mwalimu," nami sikujua ndio hiyo ni ya nini. Siku moja mama yangu alipita na ungo wa mchele aliokuwa akiuchagua, akasimama mlangoni kunitazama.

"Wagombana na nani, nawe u peke yako?"

Nikamwambia nina darasa zima humu. Akachungulia skrini, akaona giza tupu, akaenda zake huku akisoma dua.

Mkuu wa idara alikuwa na dawa yake. Ni mwanamume wa Kaloleni, shemasi kanisani kwake, mtu wa haki lakini mwenye kupenda kanuni kama wengine wanavyopenda chai. Alitoa agizo: kamera ziwe wazi, uso uonekane, na asiyeonekana asihesabiwe kuwa amehudhuria. Darasa lililofuata karibu nusu hawakuingia kabisa. Walioingia walinionyesha paji la uso na dari.

Mimi nilijua kwa nini, maana nimezaliwa na kulelewa humo humo. Mgeni akija katika nyumba ya Mji wa Kale hupiga hodi, hungoja, na huko ndani kina mama hupata nafasi ya kujitanda leso kabla hajaitikiwa. Kamera haipigi hodi. Ukiifungua tu, wanaume wa darasa zima wameshaingia sebuleni, na nyuma yako shangazi amelala kichwa wazi. Na wale waliotoka Rabai na Mariakani, waliopanga chumba kimoja kimoja ili wawe karibu na kazi, hawakutaka wenzao waone kitanda, jiko na nguo zilizoanikwa kamba moja juu ya vichwa vyao. Mkuu wa idara aliona uvivu. Mimi niliona ni watu wanaojisitiri, na nilikasirika sana kuona sitara ya watu inaitwa utoro.

Basi nikawaandikia ujumbe mfupi. Sizitaki nyuso zenu, niliwaambia. Fungueni kamera, lakini muielekeze mezani. Nataka kuona karatasi, penseli na mikono, na hizo ndizo nitakazohesabu.

Simu zilitundikwa kila namna. Kuna aliyeifunga yake kwenye kamba ya chandarua, kuna aliyeilaza juu ya rafu na kuikandamiza kwa pakiti ya unga, ikawa kila akifuta kosa unga unamwagika kwenye ramani. Lakini siku ile skrini yangu ilijaa mikono, nami nikaitazama kwa uchu. Kulikuwa na mikono yenye hina inayofifia, mikono ya kucha zilizoingia rangi ya boti, mikono yenye vidole vilivyotafunwa kwa wasiwasi. Niliona nani anaminya penseli mno na nani anafuta kabla hajafikiri, mambo ambayo hata darasani sikuwahi kuyaona, kwa vile darasani wanafunzi hufunika kazi zao kwa mkono mwalimu anapopita.

Na kwa kuwa hakuna aliyetazamwa usoni, ndimi zikafunguka. Aliyetangulia kusema alikuwa mwenye rangi ya boti kuchani, fundi wa maboti kule Liwatoni, aliyehudhuria darasa akiwa amekaa kwenye ngazi ya karakana yao. Aliuliza swali zuri juu ya mteremko wa paa, na nilimjibu kwa bashasha kiasi kwamba mama alikuja tena mlangoni kuhakikisha niko salama.

Baada ya hapo nikawawekea ubao wa pamoja mtandaoni, ukurasa mmoja mkubwa ambao kila mtu anaweza kuchora na wote wakaona papo hapo. Tuliamua kuchora mtaa mmoja wa kubuni, kila mtu na nyumba yake. Loo, ilikuwa vurugu. Huyu anafuta ukuta wa yule, yule anahamisha ngazi ya mwenzake bila kuuliza. Fundi wa maboti akapandisha dirisha lake juu ya mlango wa jirani. Jirani huyo alikuwa binti wa Rabai anayetembeza wageni Ngome ya Yesu, mwenye sauti iliyozoea kushindana na upepo wa kule juu ya kuta. Akamuuliza kwa adabu kubwa kama amekusudia watu watokee hewani. Fundi akamjibu kwamba kwenye boti watu hutokea kwa juu na hajasikia malalamiko. Darasa likacheka. Kumbe walikuwapo wote siku zote zile, nyuma ya miraba ile myeusi, watu wazima wenye maneno yao na ucheshi wao. Niliufurahia mzozo ule kuliko barua yangu ya kuajiriwa.

Kati ya mikono ile kulikuwa na miwili ambayo ningeitambua hata bila jina. Haikuwa na haraka. Ilikuwa ikipima mara mbili, inapumzika, kisha inavuta mstari mmoja ambao hauhitaji kufutwa. Mwenyewe alikuwa msichana aliyeolewa mwaka uliotangulia, akiishi na mumewe na mama mkwe wake katika nyumba ya kale ya mawe, ghorofani, nyuma kidogo ya barabara inayotoka ngomeni. Kwa mradi wake wa mwisho aliamua kuipima na kuichora nyumba hiyo yote, kila chumba na kila shubaka la ukutani. Ofisi moja ya kuhifadhi majengo ya kale ilikuwa imeiona kazi yake ya awali na kumwahidi nafasi, mradi amalize masomo mwaka huo.

Katikati ya muhula mumewe alifariki. Aliugua kidogo tu, na watu walipopata habari kwamba mgonjwa amezidiwa, wengine walikuwa tayari wanarudi kutoka mazikoni.

Nilikwenda kumpa mkono wa pole. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka katikati ya wanawake, amejifunga leso isiyo na marembo, na kwa mara ya kwanza nikaona uso wa ile mikono. Ulikuwa uso wa mtoto kabisa. Alikuwa ameanza eda, ile miezi minne na siku kumi ambayo mjane hukaa nyumbani, hajipambi, hatoki ila kwa dharura, wala hachanganyiki na wanaume. Utetezi wa miradi, yaani siku ya mwanafunzi kusimama mbele ya watahini na kujibu maswali, ulikuwa uangukie ndani ya muda huo. Kanuni zilisema ufanyike ukumbini, chuoni, ana kwa ana. Nilipoinama kumuaga alinishika kiganja.

"Mwalimu, nikingoja mwaka sitarudi," aliniambia kwa sauti ya chini. "Najijua. Nikikaa bure humu ndani nitakwisha."

Nilitoka pale nimeshaamua kwamba hatangoja mwaka. Nitafanyaje, hilo sikulijua bado.

Jambo la kwanza lilikuwa kazi yenyewe. Ndani alikuwa ameshamaliza, lakini kuta za nje na uchochoro zilikuwa bado hazijapimwa, na yeye hangeweza kukanyaga nje. Sikuliomba darasa chochote. Nililieleza tu hali ilivyo, kwa idhini yake, na jioni ile ile fundi wa maboti na binti wa ngomeni wakaandika kwenye ubao kwamba siku yao ya mapumziko wao wako hapo uchochoroni.

Nami nilikwenda kutazama. Fundi alikuwa amesimama juu ya ngazi aliyoiazima karakanani, binti ameshika mwisho wa tepu chini, na simu ikining'inia shingoni mwake, video ikiwa wazi. Juu, nyuma ya dirisha la mbao lililofungwa, mwenzao alikuwa akiwatazama kupitia simu yake na kuwaelekeza kwa sauti. Pandisha kidogo. Hapo umepima plasta iliyovimba, sogea kushoto. Rudia. Walitenganishwa na ukuta mmoja tu, wala hawakuonana. Kila kipimo kilichosomwa chini kilitokea ubaoni, na huko ndani mikono ile ikakiweka mahali pake. Muuza kahawa aliyekuwa akipita aliuliza kama nyumba inauzwa. Binti akamjibu kwamba inatahiniwa, na yule mzee akaondoka ameridhika.

Jambo la pili lilikuwa mkuu wa idara. Nilimwendea asubuhi, kabla hajachoka. Nilimwambia nataka mwanafunzi wangu atetee mradi wake kwa video, akiwa nyumbani, na kamera iwe juu ya mikono yake na michoro yake. Alinisikiliza hadi mwisho, na maswali yake yalikuwa ya haki, jambo ambalo liliniudhi zaidi. Tutajuaje kwamba mikono hiyo ni yake? Na kwamba hanong'onezewi majibu na mtu aliyekaa pembeni, tutathibitishaje?

Nikamwambia nitakaa naye chumbani mimi mwenyewe. Mimi ni mwanamke, nitaingia, nitamtambua uso kwa uso, nitakuwa shahidi wa chuo.

"Na wewe ukimsaidia?" aliuliza.

Damu ilinipanda. Nilimkumbusha kwamba mtoto wa dada yangu alisoma darasani mwangu na nikamfelisha, na mpaka leo nikienda kwa dada nakaribishwa maji matupu. Aliangua kicheko, yule mtu mkavu, mpaka akavua miwani. Kisha akaivaa tena na kuweka sharti lake: watahini watachagua mahali popote ndani ya nyumba, na mwanafunzi apime hapo hapo wakiona, na kipimo kilinganishwe na mchoro. Nilikubali mbio mbio, na nilipofika nje ya mlango ndipo nilipoanza kuogopa.

Siku yenyewe nilifika mapema na mkono wa mbao ambao fundi wa maboti aliuchonga kwa ajili ya kushikia simu. Ulikuwa imara kiasi cha kubeba injini. Tuliufunga ukingoni mwa meza, simu ikatazama chini. Mama mkwe alikuwa amefagia chumba na kufukiza udi kidogo, kana kwamba watahini wangeunusa. Huyu mama, na msiba ule ulikuwa wake kwanza, kwa kuwa aliyefariki alikuwa mwanawe wa pekee. Aliketi kwenye kiti karibu na mlango ili azuie watu wasiingie.

Hakuzuia hata mmoja. Watu wa kutoa pole hawana saa, na mara tu watahini walipoanza kujitambulisha, wanawake wanne watano wa mtaa wakapanda ngazi na mabuibui yao. Mama mkwe aliwawekea kidole mdomoni na kuwaonyesha mkeka. Wakaketi, wakaitazama ile simu, na hakuna aliyefungua mdomo. Kwa wanawake wa mtaa wetu hiyo peke yake ni karama.

Mjane alianza vizuri. Sauti ilitetemeka kwenye sentensi za mwanzo, kisha kidole kikagusa mchoro na sauti ikapata pa kusimama. Alieleza nyumba inavyomtenga mgeni na mwenyeji, upepo unavyoingia na unavyotolewa. Wanafunzi wenzake wote walikuwa wameingia kusikiliza, vipaza sauti vimefungwa kama kanuni zilivyotaka. Ghafla picha ikaganda. Mtahini mmoja akabaki mdomo wazi, kisha wakapotea wote.

Nilikuwa nimekula kiapo kwamba sitagusa chochote, na nikabaki nimekalia mikono yangu. Ni mama mkwe aliyeinuka.

"Endani dirishani," alisema. "Wajukuu wa jirani wakija na simu zao, hapo ndipo wanapojibanza."

Tulihamisha meza, yeye na wageni wakishika upande huu, mjane upande ule, mimi nikiwapisha kama afisa wa serikali. Dirishani mtandao ulirudi. Watahini walikuwa bado wapo, na mkuu wa idara alikuwa akisema kwa utaratibu kwamba tusubiri kidogo. Sikumpenda mtu siku ile kama nilivyompenda yeye kwa maneno hayo.

Mtahini wa kutoka nje ya chuo, mwanamume mwenye sauti ya kukwaruza, ndipo akachagua mahali. Akataka mjane apime unene wa ukuta palepale dirishani, naye akaiinamisha simu ionyeshe meza na ukuta. Tepu ilihitaji mtu wa upande wa pili, na mimi sikuruhusiwa. Mama mkwe akanyoosha mkono wake, ukaingia kwenye picha, mkono wa mtu mzima wenye pete ya fedha, ukashika ncha. Mjane akasoma kipimo kwa sauti. Hakikuwa kile kilichoandikwa kwenye mchoro.

Mtahini akasema kwamba anaona tofauti. Wanawake mkekani walielewa tu kwamba mambo yameharibika, na mmoja akaanza kuvuta uradi chini kwa chini. Mikono ile, nakwambia, haikutikisika. Ilitandaza mchoro, ikaonyesha alama ndogo ukutani.

"Nilipima kimo cha kifua, kama nilivyoandika hapa chini ya mchoro," alisema. "Sasa hivi mama amenishikia kwenye kizingiti. Ukuta huu mnene chini, na unapungua kila unapopanda, halafu umepigwa plasta na kila aliyeurithi. Nikiruhusiwa nitapima chini, kati na juu, mchague wenyewe."

Wakamruhusu. Wakapima, mkwe na mama mkwe, wakipanda na tepu polepole. Cha kati kilikuja sawasawa na mchoro. Mtahini hakukata tamaa. Akamuuliza aliwezaje kupima nje ilhali haruhusiwi kutoka. Akajibu kwamba wenzake walipima, yeye akiwaongoza kwa video, na kila kipimo kiko ubaoni na jina la aliyekisoma. Basi, akasema mtahini, kazi hii si yako peke yako.

"Si yangu peke yangu," alimjibu. "Tepu ina ncha mbili, bwana. Hata mngenitaka niwe peke yangu, nyumba isingepimika."

Nilimsikia mtahini akicheka puani. Walitutoa kwenye mkutano ili washauriane, tukabaki tunatazama duara inayozunguka kwenye skrini. Mama mkwe alikuwa bado ameshika ncha ya tepu. Hakuna aliyemwambia aiachilie.

Walipotuita tena, mkuu wa idara ndiye aliyesoma. Amefaulu, akasema, na mchoro hauna cha kurekebishwa. Kisha akaongeza jambo ambalo halimo katika kanuni yoyote. "Na pole sana kwa msiba, mwanangu."

Nilifurahi kupita kiasi. Nilitaka kupiga kelele, nilitaka kuruka, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kufanya hivyo. Katika nyumba ya eda hapapigwi kigelegele. Mgeni mmoja mkekani aliinua mkono kuelekea mdomoni, akakumbuka alipo, akaushusha na kujifanya anajiweka sawa mtandio. Mjane alilaza viganja vyake juu ya mchoro, na machozi yake yakawa yanadondoka pembeni mwa karatasi, akiangalia yasiiguse. Nami nililia, sioni haya kusema.

Ndipo simu ikalipuka. Vipaza sauti vilikuwa vimefunguliwa, na wa kwanza alikuwa binti wa ngomeni, kigelegele kirefu ambacho naamini watalii wake walidhani ni sehemu ya maelezo. Akafuatia mwingine kutoka Buxton, na mwingine, na kutoka Liwatoni fundi akawa anagonga nyundo kwenye ubavu wa boti huku karakana nzima ikipiga mbinja. Lilikuwa ni darasa lile lile ambalo mwanzo wa muhula sikuweza kulitoa hata neno. Chumba chote cha msiba kilijaa sauti yao, ikatokea dirishani, ikashuka uchochoroni. Mjane alishtuka, akamtazama mama mkwe wake kwa hofu, akanyoosha mkono upesi kuipunguza simu.

Yule mama alimshika mkono kabla haujafika. Mashavu yake yalikuwa yamelowa.

"Waate, mwanangu," alisema. "Wao hawamo edani."

Mkono ukarudi mezani, na vigelegele vikaendelea.